Nani Amefariki Mikumi?

Ukifika Mabwerebwere, mtaa wa Kilosa mjini, ukauliza nyumba ya Tumwagile, watu watakuangalia tu. Uliza kwa Mama Ziada wa viti, hapo hata mtoto atakupeleka. Ni mwanamke wa miaka sitini na ushee, mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko umbo lake. Ua wa nyumba yake umejaa viti vya plastiki vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, masufuria makubwa ya pilau, na maturubai mawili, moja la bluu na jingine la kaki lenye viraka. Mwenye harusi anakwenda kukodi kwake, mwenye msiba anakwenda kwake, mwenye maulidi vilevile. Hakuna shughuli ya maana Kilosa mjini ambayo hajaihudhuria, ingawa mara nyingi anakaa nyuma, karibu na meko, jicho likiwa kwenye viti vyake visije vikaondoka na wageni.

Babu yake alitoka Rungwe kuja kukata mkonge. Baba yake aliukimbia mkonge akaingia reli, kwenye genge la kutengeneza njia. Yeye alizaliwa kwenye nyumba za kambi, akamaliza darasa la saba, akaolewa na kijana wa reli. Kinyakyusa anakisikia, lakini akithubutu kukizungumza ndugu zake wa Tukuyu wanamcheka, kwa hiyo amebaki na Kiswahili chake.

Kanisa la Methodisti lilimkuta akiwa bado mama kijana mwenye mtoto mmoja, Ziada, ambaye sasa anafanya kazi Dodoma. Miaka ya tisini alikuja mhubiri mmoja na baiskeli, akapokewa na watu wa reli, mume wa Tumwagile akiwa miongoni mwao. Walifyatua matofali wenyewe wakayachoma. Mawe ya msingi waliyasomba kutoka mtoni, na majirani Waislamu wakasaidia kuyabeba, maana siku zile mtu akijenga mlimsaidia bila kumuuliza anajenga nini. Jengo likasimama, likajaa. Baadaye treni zikapungua, wengine wakastaafu wakarudi kwao, mto Mkondoa ukafurika ukawahamisha wengine, vijana wakatawanyika, na waliobaki mjini wakavutwa na makanisa yenye spika kubwa. Mume wa Tumwagile naye akafariki. Ikafika mahali Jumapili wanaingia watu tisa au kumi, wanajibana mabenchi ya mbele ili wasisikie mwangwi wa sauti zao wenyewe.

Mchungaji wao, Melkizedek, alikuwa kijana anayeishi Morogoro. Alikuwa amekabidhiwa sharika mbili ndogo, huu wa Kilosa na mwingine wa Mikumi, na kila mmoja alikuwa akiufikia mara moja kwa mwezi, nauli ikiruhusu. Jumapili nyingine zote neno lilisomwa na Mzee Bonifas, mzee wa kanisa, mstaafu wa reli anayependa mambo yaende kwa saa. Tumwagile alifagia, aliomba kwa kifupi, na kufunga mlango. Hajawahi kuhubiri, na hakutaka.

Mwaka jana, baada ya mvua za masika, mchungaji akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa sharika zote mbili. Tumwagile aliusikiliza akiwa anasugua sufuria. Mchungaji alisema imefika wakati wa kuzungumza habari ya kuziunganisha sharika hizo ziwe usharika mmoja, kwamba yeye mwenyewe hajui lipi ni jema, na kwamba Jumapili ijayo wasali wote pamoja. Akamalizia, "Msiwe na wasiwasi, wapendwa. Nendeni na amani, wenzenu watawapokea."

Akausikiliza tena. Wenzenu watawapokea. Basi ni sisi tunaohama, akawaza. Akaacha sufuria na povu lake akaenda kwa Mzee Bonifas.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Ziada. Umesikia?"

"Nimesikia. Ndiyo wanatufunga?"

Mzee Bonifas alikuwa ameketi kibarazani, simu mapajani. "Mikumi iko barabara kuu," alisema. "Kule mabasi yapo, malori yapo, watu wapo. Hapa sisi ni wazee na popo. Ingekuwa wewe ni mchungaji ungefunga wapi?"

"Si umpigie Mzee Kasian umuulize wamejiandaaje?"

Kasian ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa wa Mikumi, muuza vipuri vya pikipiki. Bonifas akatikisa kichwa. "Nimpigie nimwambie nini? Kwamba tunakuja kukaa kwenu kama yatima? Atatuona tukifika."

Tumwagile naye hakupiga. Kwa kweli alikuwa na aibu, kama mtu anayekwenda kuomba hifadhi kwa ndugu wa mbali. Wala hakumwambia jirani yake Mwinshehe, ambaye tangu wezi walipovunja dirisha la kanisa alikuwa anatunza ufunguo wa akiba kwa sababu nyumba yake inatazamana na mlango. Wiki nzima alipita mbele ya Mwinshehe, wakasalimiana, wakazungumza habari za mpunga, na habari ya kanisa hakuigusa.

Alichofanya ni kile anachokijua. Aliuliza Mikumi wana viti vingapi, watu wakasema vichache. Basi akaomba kenta ya mteja wake mmoja, akapakia viti, turubai la kaki, masufuria mawili, mkeka, mchele na maharage, maana wageni wasioleta kitu ni mzigo. Jumapili alfajiri watu wote wa usharika wakapanda nyuma ya kenta kati ya viti, wamejifunika kanga kwa ajili ya vumbi, wakaondoka. Mlango wa kanisa aliufunga mwenyewe. Alivuta kitasa, akaachia, akakivuta tena kama mtu aliyesahau kitu ndani, lakini hakukumbuka ni nini.

Walipofika kijiji cha Ulaya walisimama kunywa chai. Wakiwa na vikombe mkononi, Noah mbili zilipita kwa kasi kuelekea Kilosa. Ndani walikuwamo wanawake waliofunga vitambaa vyeupe, wanaimba. Tumwagile aliwapungia, nao wakampungia.

"Harusi hiyo," alisema Mzee Bonifas.

"Harusi gani Kilosa ambayo hawajaja kukodi viti kwangu?" aliuliza Tumwagile, na jambo hilo likamsumbua mpaka walipoimaliza barabara ya vumbi na kuanza kuona malori.

Kanisa la Mikumi lilikuwa jengo la bati na tofali, hatua chache kutoka barabara kuu, nyuma ya gereji, likiwa na uwanja mdogo mbele. Mlango ulikuwa na kufuli. Walizunguka, wakachungulia dirishani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa vizuri, hapakuwa na mtu. Fundi mmoja aliyekuwa chini ya lori akatoa kichwa.

"Mnawatafuta hao wa kanisa? Wameondoka wote asubuhi."

"Wameondoka wamekwenda wapi?"

"Sijui, mama. Walibeba na mizigo. Yule mzee alikuwa anafuta machozi."

Watu wa Kilosa wakatazamana. Mzee Bonifas akampigia Kasian, simu haipatikani. Akampigia mchungaji, haipatikani vilevile. "Saa ya ibada ni saa nne," alisema huku akitazama saa yake kana kwamba nayo imemgeuka. "Saa nne kamili. Sasa hawa wamehamia wapi?"

"Labda wamesikia tunakuja wakakasirika," alisema mama mmoja.

"Wakasirike kwa nini na wao ndio wanaopokea?"

Hakuna aliyejua. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na kati yao walikuwamo bibi wawili waliotikiswa barabara nzima. Tumwagile hakuwa na jibu la lolote, lakini aliona watu wamesimama juani naye ana turubai. Akamwambia dereva wa kenta ashushe vitu. Wakafunga kamba kwenye mti na kwenye nguzo ya uzio, turubai likatanda. Wakapanga viti. Bibi wale wakatandikiwa mkeka. Kwa vile njaa haingoji wenyeji, wakawasha moto kwenye mafiga ya mawe matatu, sufuria la maharage likapanda. Mzee Bonifas akasema angalau waimbe wakati wanasubiri, na kwa kuwa wamechoka wakaimba ule wimbo wa taratibu wanaoujua wote bila kitabu.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa bodaboda. Alizima pikipiki mbali, akavua helmeti, akaja akiinamisha kichwa. Alimpa Tumwagile mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante," alijibu Tumwagile, akidhani anapewa pole ya safari.

Kijana akaketi. Baada ya muda akaja mama lishe wa upande wa pili wa barabara, na ndoo ya maji kichwani na mkaa kwenye kiroba. "Nimeona mmeanza bila maji," alisema kwa upole. "Poleni. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Aliyefariki."

Hapo ndipo Tumwagile alipolitazama lile turubai la kaki, viti, wanawake wenye kanga mkekani, moto, wimbo. Miaka yote aliyokodisha vitu hivyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake. Mama lishe hata hakusubiri jibu, alikwishatua ndoo na kuanza kuchochea moto.

Tumwagile akamfuata Mzee Bonifas. "Mzee, watu wanadhani ni msiba."

"Waambie si msiba!"

"Niwaambie ni nini?"

Bonifas akaangaza macho huku na huku. "Waambie... ni ibada. Ya wageni. Waliokuja kwa wenyeji wasiokuwepo." Alijisikiliza. Kisha akashika kichwa. "Mama Ziada, hii ni kudanganya watu. Hapa hakuna maiti."

"Kwani mimi nimemwambia mtu kuna maiti?"

Wakati wanabishana watu waliongezeka. Walikuja wauza vitunguu wa kando ya barabara. Akaja dereva wa lori lililokuwa gereji, mtu mnene wa makamo, akasema anatoka mbali lakini msiba ukimkuta mtu njiani haupitwi. Tumwagile alikwenda kwa kila mmoja ili amweleze, na kila alipofika maneno yalimpotea, kwa sababu mtu alikuwa ameshampa mkono, ameshasema pole, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Akawa anaitikia tu, "Tumeshapoa, tumeshapoa," anakwepa macho yao kama mwizi. Kuna wakati alifikiri labda ni haki yao kupewa pole, kanisa lao si limekufa? Kisha akaogopa kwa kufikiri hivyo.

Ndipo alipokuja Odilia.

Alitoka nyumba ya wageni ya jirani, anakofua mashuka. Mikono yake ilikuwa bado na povu. Hakumsalimia mtu wala hakuuliza ni nani. Alivua ndala, akaingia mkekani kati ya wale bibi, akakaa, akaanza kulia. Hakulia kama jirani anayesaidia wafiwa. Alilia kwa kuvuta pumzi kutoka tumboni, mpaka wimbo ukakatika na watu wakanyamaza.

Tumwagile alipiga magoti pembeni yake. Alimshika mabega, akasubiri. Baadaye akamwuliza, "Mwanangu, umefiwa na nani?"

"Mama yangu," alisema Odilia. "Mbinga. Alifariki wakati wa mvua. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye beseni. Bosi akasema wageni ni wengi, nikiondoka nisirudi. Nauli yenyewe sikuwa nayo. Nikaendelea kufua. Wakamzika, wakanitumia picha." Akafuta pua kwa upande wa mkono. "Sijakaa mkekani hata siku moja, mama. Kila nikipita nikiona turubai natamani niingie, lakini naona nitaulizwa, wewe ni nani wa marehemu? Leo nimeshindwa."

Mzee Bonifas alikuwa amesimama nyuma yao. Tumwagile alimtazama, na mzee akatazama chini.

"Basi kaa," Tumwagile alimwambia Odilia. "Mama alikuwa anaitwa nani?"

"Magreti."

Tumwagile alisimama. Hakujua anasimama kufanya nini. Alijikuta mbele ya viti vyake mwenyewe, watu wamemgeukia, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba yeye si mchungaji na hajui kuhubiri. Wao ni watu wa Kilosa, wamekuja kusali na wenzao na wamekuta mlango umefungwa, na sababu hawaijui. Hapa hakuna aliyefariki leo, watu wawasamehe kama wameelewa vingine. "Ila huyu binti amefiwa na mama yake, Magreti wa Mbinga, na hakupata kumlilia. Naomba tumlilie naye. Mnaotaka kwenda, nendeni na Mungu awabariki."

Alitegemea wataondoka kwa hasira. Kijana wa bodaboda alicheka kidogo, akajizuia. Hakuna aliyeinuka. Yule dereva wa lori ndiye aliyenyanyua mkono, kama mwanafunzi.

"Mama, na mimi nina ndugu yangu. Amezikwa nikiwa kwenye foleni ya mpakani, Tunduma. Naweza kumtaja?"

"Mtaje, mwanangu."

Akamtaja. Mama lishe akamtaja mtoto wake. Muuza vitunguu mmoja, mzee mwenye kofia ya kiua, akasema yeye ni Mwislamu, atamwombea wake kimoyomoyo, lakini angependa kukaa. Wakasema akae. Mzee Bonifas aliomba, na sala yake ya siku zote, iliyokuwa inakwenda kwa mpangilio kama ratiba ya treni, siku hiyo ilikatikakatika akarudi nyuma mara kadhaa kutafuta majina.

Walikuwa katikati ya sala hiyo basi la kutoka Morogoro liliposhusha abiria. Mchungaji Melkizedek alitokea nyuma ya gereji na begi lake, akaona turubai, akaona Odilia analia, begi likamponyoka. Alikuja mbio.

"Shikamoo, mama! Ni Mzee Kasian? Jamani, ni Mzee Kasian?"

"Marahaba, Mchungaji. Si yeye. Kaa kwanza."

"Ni nani basi? Nani amefariki?"

"Ni wengi," alisema Tumwagile, naye akaona kwamba amezidi kumchanganya. "Namaanisha si wa leo. Mchungaji, kaa, upewe maji. Mimi mwenyewe sielewi."

Kabla hajakaa, simu ya Tumwagile ikaita. Ilikuwa sauti ya Kasian, na nyuma yake kelele za watu.

"Mama Ziada, mko wapi nyie? Tuko hapa mlangoni kwenu tangu saa nne!"

"Mlangoni kwetu wapi?"

"Mabwerebwere! Si Mchungaji alisema twende, wenzetu watatupokea? Tumekuja na Noah mbili na mchele."

Tumwagile aliona zile Noah machoni pake, vitambaa vyeupe, mikono inayopunga. "Mzee Kasian," alisema, "sisi tuko mlangoni kwenu. Ufunguo uko wapi?"

"Uko mfukoni mwangu," alisema Kasian.

Mchungaji alikuwa amesikia yote. Alifunika uso kwa mikono miwili. Alikusudia watu wa Kilosa waende Mikumi, akaeleza baadaye, lakini hakulisema, kwa sababu moyoni hakutaka kuonekana ndiye aliyechagua upande. Kila usharika ulisikia ujumbe uleule ukaelewa kwamba wenyewe ndio wanaofungwa, na kila usharika ukaona aibu kumpigia mwenzake.

Kwenye simu sauti nyingine ikaingia. "Mama Ziada? Ni mimi, Mwinshehe. Hawa wageni wananiambia kanisa linafungwa."

"Jirani, nilitaka kukwambia."

"Ulitaka lini? Wiki nzima tunazungumza mpunga! Yale mawe ya msingi si nimeyabeba kwa bega hili? Leo nasikia habari kwa watu wa Mikumi?" Alikuwa amekasirika kabisa. "Nimewafungulia. Nimewaambia majirani. Hapa pamejaa, hata wale wenu walioacha kusali wamekuja kuuliza nani kawapa ruhusa ya kufunga. Mke wangu anapika. Sasa mnarudi au hamrudi?"

"Tunarudi," alisema Tumwagile. "Nadhani tunarudi."

Simulizi hii ingekuwa nzuri zaidi kama ningesema kuanzia siku hiyo makanisa yote mawili yalijaa. Hayakujaa. Mchungaji Melkizedek aliitisha kikao, kikao kikachukua mchana kutwa, na mwisho wake alisema hana ujasiri wa kufunga popote mpaka aelewe kilichotokea. Mabwerebwere, wale walioacha kusali walirudi Jumapili mbili tatu, baadhi yao wakaacha tena. Familia nne zilibaki. Si haba.

Mikumi ndiko kulikomnyima Tumwagile amani. Odilia alikuwa ameomba namba yake, na baada ya wiki mbili alimpigia. Mhudumu mwenzake kafiwa na kaka yake Sumbawanga, hawezi kwenda. Je, lile turubai linaweza kuja tena?

Tumwagile alikwenda kwa Mzee Bonifas, akategemea atakataa. Bonifas akauliza kenta itaondoka saa ngapi.

Wakaenda, safari hii Kasian akiwepo na ufunguo. Walikaa na yule mhudumu, wakamtaja kaka yake, wakala pamoja. Watu wa Mikumi waliokuwa wameshazoea kusali wanane nyuma ya gereji walikuta uwanja wao una watu ambao hawakuwahi kuwaona: madereva, wafua mashuka, wauza chipsi, watu waliotoka mikoa ya mbali na hawana ukoo wa kuwafunika msiba ukiwapata. Kasian alisema wamekaa na watu hao miaka yote wanawasikia wakipiga honi, na hawakujua kama nao wanafiwa.

Mara ya tatu mvua ikanyesha, hakuja mtu, wakala wali wa baridi ndani ya kanisa wakarudi usiku wamelowa. Mara ya nne mwenye nyumba ya wageni alikuja kulalamika. Alisema turubai la msiba kila mwezi linamfukuzia wateja, mtu akishuka garini akaona vile anaendelea na safari. Tumwagile alimwona ana haki. Wakahamishia turubai upande wa nyuma, palipo na migomba, ambako watu wa barabarani hawaoni, na kwa miezi miwili waliokuja walikuwa wachache mno. Alirudi nyumbani siku moja akamwambia Ziada kwenye simu kwamba ameamua kuacha.

"Unaacha kwa nini, mama?"

"Sijui tunachofanya. Kanisa gani linakaa msiba wa watu lisiowajua? Wengine si wa kwetu, hawatakuwa wa kwetu. Odilia mwenyewe ni Mkatoliki, akimaliza kulia kwetu anakwenda misa yake."

"Wanaondoka wamechukia?"

"Hapana."

"Sasa wewe unataka nini zaidi?"

Tumwagile akamwuliza habari za wajukuu.

Mchungaji naye alimjia na ombi. Viongozi wa kanisa walikuwa wanakutana Morogoro, na walitaka kusikia habari za huduma mpya iliyoanzishwa na sharika za Kilosa na Mikumi. Angesimama aeleze? Tumwagile alikataa. Alisema hajaanzisha kitu, alitandaza turubai kwa sababu ya jua. Mchungaji akasema basi aseme hivyohivyo. Akaenda, akasimama mbele ya watu wenye kola na suti, akasema hivyohivyo, akaketi kabla hawajamaliza kumsogezea kipaza sauti. Walipiga makofi naye hakujua wanapiga kwa lipi. Aliporudi alimwuliza Mzee Bonifas kama alikosea. Bonifas akasema alizungumza kwa kifupi, na hilo peke yake ni jambo la kushukuru.

Hajaacha. Habari zimeenea kwa njia ambazo haelewi, dereva humwambia dereva, na namba yake ya simu iko mikononi mwa watu asiowajua mpaka Makambako. Juzi alipigiwa na mwanamke anayeitwa Yusrah, muuza chipsi wa Mikumi. Alisema mume wake kazikwa Tanga wiki hiyohiyo na yeye yuko eda, hatoki nje, lakini hana ndugu hata mmoja mjini hapo wa kukaa naye. Akauliza kwa woga kama watu wa kanisa wanaweza kumjia mtu kama yeye, na kama watakubali kukaa naye ndani, bila turubai wala nyimbo.

Tumwagile alimwambia asubiri kidogo. Akavuka njia kwenda kwa Mwinshehe, akamkuta anashona gunia.

"Jirani, mwanamke akiwa eda wageni wanafanya nini? Wanakaaje? Wanapeleka nini?"

Mwinshehe akamweleza, kisha akaona bora amwite mke wake aeleze vizuri, na mke wake akasikiliza habari yote akasema hayo hayaelezeki mdomoni, yeye mwenyewe atakwenda.

"Utakwenda na sisi?" aliuliza Tumwagile. "Na watu wa Methodisti?"

"Kwani mnakwenda na nini?"

"Na kenta."

"Basi nitakaa mbele na dereva," alisema mke wa Mwinshehe. "Nyuma vumbi."

Waliondoka Jumamosi asubuhi, wanawake watano na Mzee Bonifas, ambaye alisema atasubiri gereji na Kasian kwa kuwa mambo ya eda si ya wanaume. Tumwagile alikaa nyuma kwenye gunia la mchele, amejifunga kanga puani, akijaribu kukumbuka aliyoambiwa: salamu gani kwanza, mkono gani, asiseme nini. Alikuwa na hakika atakosea mojawapo. Kenta ikaingia kwenye shimo, wote wakarushwa, na mama aliyekuwa pembeni yake akaanza kuimba.

"Siyo huo," alisema Tumwagile. "Huo ni wa Krismasi."

Mama yule akaanza mwingine.